Kilo Moja na Robo

Jile ya kwanza Paluku alipewa na bosi wa depo:
bati la pipa la mafuta, limekunjwa kifuani,
limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Liligonga kila hatua.
Wezi wa Birere wakajua sentineli yuko wapi
kama ng'ombe ajulikanavyo kwa njuga yake.
Usiku wa tatu alikimbia, akaanguka juu ya lava,
na bati ndilo lililomkata.
Nyuzi saba, chini kidogo ya titi.
Nilizihesabu, maana nyumbani kwetu
fundi wa nyuzi ni mimi.

Nikasema: chuma hiki kinajilinda chenyewe.

Usiku ule sikulala. Nilimkumbuka mbwa wetu
kule mashambani, juu ya Sake,
siku alipokutana na kakakuona njiani.
Mnyama hakukimbia. Alijikunja polepole,
kama mtu anayefunga barua,
gamba likalalia bega la gamba,
na mbwa akauma, meno yakateleza,
akauma tena,
kisha akaketi, akapiga miayo ya aibu.
Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwa na neno
la ukuta unaopumua,
la ngome inayobebwa na mwenye ngome
hadi kwenye kichuguu, kula mchwa.

Magamba yenyewe wapo wanaoyauza, kwa kunong'ona.
Mimi nilichukua wazo tu.
Wazo halina mzoga.

Nikakata bidoni mbili za njano zilizopasuka,
gamba kwa gamba, ukubwa wa kiganja cha mtoto.
Ndani nikalaza maganda ya mgomba yaliyokauka:
yapasue uone, yana vyumba vyumba vya hewa,
nyuki angeweza kuyadai kodi.
Nyuma yake katani, imesukwa mara nne.
Vidole vyangu vilivimba, nikashona na vidole vya hasira.

Kasereka mchinjaji akaleta kisu chake.
Tulilivalisha papai.
Kutoka juu kisu kiliteleza, tukacheka.
Kutoka chini kikaingia kati ya gamba na gamba
kama mgeni aliyekuta mlango wazi,
na maji ya papai yakatiririka mezani.
Hakuna aliyecheka.
Paluku alijishika pale penye nyuzi saba.

Nikafumua yote. Siku kumi na moja
sikupokea sketi ya mtu wala sare ya shule.
Nikashona safu mbili zisizoelewana:
moja inatazama Nyiragongo, nyingine inatazama ziwa,
kila moja inafunga mlango
ambao mwenzake ameusahau.

Papai la pili tulilila.

Mama akalipeleka jile sokoni Virunga,
akaliweka kwenye mizani ya maharage
mbele ya wauzaji wote: kilo moja na robo.
"Maharage haya hayatoshi hata kwa chakula cha usiku," mmoja akasema.
Mama akajibu: "Huyu si wa kupikwa."

Kisha Paluku, akilijaribu, akiinua mikono
kama mtu anayepimwa na askari,
akauliza bila kunitazama:
"Na risasi?"
Nikauma uzi. Nikafunga fundo.
Katika mji huu kuna maswali
ambayo sindano haiyafikii,
na sikumdanganya kaka yangu.
Nilisema: "Kwa kisu. Kwa panga. Kwa jiwe la kurushwa.
Na kwa kukimbia, Paluku. Sasa unaweza kukimbia."

Njano nikaifunika kwa masizi ya sufuria na gundi,
gamba baada ya gamba, mpaka jile likawa usiku.
Nikaacha moja, mgongoni, chini ya shingo.
Kasereka aliliona: "Umesahau hapa."
Najua ni kosa la ufundi.
Lakini saa kumi na mbili jioni, akienda kazini,
barabara nyeusi, mawe meusi, jile jeusi, hakuna mlio,
na mimi dirishani nafuata
alama moja ya njano, ndogo kama punje ya hindi,
mpaka kwenye kona.